Baba, Darasa Lako la Jumamosi Ninalo Mimi

Baba, shikamoo.

Kwenye barua mtu huanza kwa kuuliza hali ya anayeandikiwa. Yako sijui niiulizeje, kwa hiyo nitakupa ya huku. Mama anaendelea vizuri, ila baridi ya mwaka huu imemshika magoti. Vitunguu swaumu tumeshavuna, na vimekauka vizuri darini. Yule ng'ombe mwekundu uliyekuwa ukisema ni mvivu amezaa ndama jike. Mama alisema ungekuwepo ungekataa kuamini mpaka umwone mwenyewe.

Kaburi lako tumelijengea. Msalaba umesimama wima, nimeupima mimi. Unajua sipendi kazi ya watu wanaojenga huku wanaongea na simu.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya hayo. Nakuandikia kwa sababu ya darasa lako.

Baada ya arobaini kupita, Paroko aliniita baada ya Misa. Alisema vijana wanaojiandaa kupokea Kipaimara wamebaki bila mwalimu na kwamba kila anayemuuliza anamtajia binti wa Katekista. Nikamwambia, "Padri, mimi ni nesi." Akasema analijua hilo. Nikamwambia somo lile la usafi wa moyo mimi na marehemu hatukumaliza kulibishania mpaka akafariki. Akacheka kidogo, akasema basi afadhali mtu aliyelifikiria kuliko asiyewahi kulifikiria.

Ulipenda kubishana nami jikoni, Baba, wakati Mama akisonga ugali, kwa sababu pale hakuna aliyeweza kuinuka na kuondoka kabla ya kula. Nilikuwa nakuambia watoto wako wanajua amri ya sita, usizini, kwa kichwa na hawajui miili yao inavyofanya kazi. Wewe ulikuwa unanijibu, "Na ninyi zahanati mnawafundisha mwili kama mtu anayefundisha pikipiki. Hapa breki, hapa mafuta, haya nenda." Mama alikuwa anatugawia mboga na kusema tule. Mara moja tu ulinyamaza. Ni siku ile uliyokuja zahanati kuchukua dawa zako za presha, ukakaa kwenye benchi kama wengine, ukaona wasichana wawili wa darasa lako wamejificha mwisho wa foleni ya uzazi wa mpango. Uliinamisha macho ili wasijue kuwa umewaona. Jioni hukuniuliza walikuja kufanya nini. Uliniuliza tu, "Uliwapokea vizuri?" Nikasema ndiyo. Ukaendelea kula.

Basi nilikubali kufundisha. Sikuondoa cha kwako hata kimoja. Nilianza na sala yako ileile, nikawasomea Maandiko yaleyale, nikawaambia mwili ni hekalu na kwamba kungoja si ujinga. Kisha nikaongeza cha kwangu. Nikachora ubaoni, nikaeleza hedhi, nikaeleza mimba inavyotungwa, nikaeleza magonjwa. Nikawaambia neno "hapana" linasemwaje na linasikiwaje. Wavulana walicheka, kisha wakaacha kucheka. Paroko alikuwa ameniwekea mpaka: kanisani nifundishe kama Kanisa linavyofundisha, mambo ya dawa yabaki zahanati. Nikaushika mpaka huo.

Jumamosi moja akaja Restituta.

Unamkumbuka, binti wa kwanza wa jirani zetu wa bondeni, yule aliyekuwa akiimba sauti ya kwanza. Ulipoanza kuumwa alikuwa bado yuko kwenye darasa lako. Baadaye alipata mimba, na baba yake akampeleka Masakta kwa shangazi yake, azalie huko, watu wasione. Aliyempa mimba, kijana wa kigango cha jirani, akaenda Babati kutafuta kibarua na hakuna aliyemuuliza kitu. Restituta alirudi na mtoto mgongoni, akaingia darasani, akakaa karibu na mlango. Nilipofika kwenye somo lenyewe akanyoosha mkono.

"Nesi," aliniambia, "mimi nimeshaharibu. Somo hili ni la wenzangu. Nikae au nitoke?"

Baba, darasa zima lilinigeukia. Nimesoma, nina vyeti, nimezalisha akina mama wengi usiku na mchana, lakini sikushika hata kimoja cha hayo. Nikamkumbuka Adela.

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Ulirudi mchana mmoja wa mvua na msichana mwenye tumbo kubwa, ametota, amefukuzwa kwao kwa ile desturi ya zamani kwamba binti ambaye hajaolewa akizalia nyumbani kwao analeta nuksi kwa watu na mifugo. Majirani waliacha kuazima vitu kwetu. Wenzako wa kanisani wakasema Katekista anafuga dhambi. Mama aliogopa, na ulijua kuwa ameogopa, ukamwambia kwa upole amwekee maji ya moto aoge. Adela akajifungua kwenye chumba changu. Siku alipokuambia yeye si msafi tena na hawezi kuingia kanisani, nilikuwa nimekaa hapo nachambua maharage. Ulimwambia, "Binti yangu, usafi wa moyo si yai, kwamba likivunjika basi. Ni shamba. Mwaka huu likikushinda, mwaka unaofuata unalilima."

Hayo ndiyo niliyomjibu Restituta, na nikasema ni maneno yako. Akakaa.

Habari hazikuchelewa. Wazazi wengine wakaacha kuwaleta watoto wao. Mama mmoja alikuwa ameniona zahanati nikimpa binti mmoja vidonge vya uzazi wa mpango, akalipeleka kwa Mzee Bura. Unamjua rafiki yako. Tangu ulipofariki ndiye mwenyekiti wa halmashauri ya kigango, na anatembea na fimbo yako kwa sababu ulimwachia. Akaitisha kikao baada ya Misa ya Jumapili, pale kwenye mabenchi ya nje.

Alianza kwa kukuombea. Kisha akasema, "Huyu ni mtoto wetu, sitamvunjia heshima. Lakini Jumamosi anafundisha usafi wa moyo, Jumatatu anagawa vidonge. Watoto wamfuate yupi?" Wengi wakaitikia kwa vichwa. Mama mwingine akasema Restituta akipewa Kipaimara pamoja na wengine, mabinti wataona kuzaa nyumbani ni kitu cha kawaida. Baba yake Restituta alikuwepo, ameshika kofia mkononi. Akasimama mwalimu wetu wa sekondari, yule kijana aliyehamishiwa huku kutoka Bukoba, akasema Kanisa liyaachie mambo haya shule na hospitali, dunia imebadilika. Na hapo, Baba, nilijikuta nimeudhika na yeye kuliko na Mzee Bura. Wewe ungefurahi. Nilimwambia hospitali inaweza kumweleza msichana mimba inatokaje, lakini haiwezi kumweleza kwa nini yeye ni wa thamani. Mimi ni wa hospitali, ninajua.

Mzee Bura akanigeukia. "Basi tujibu, mwanangu. Binti wa hapa akija zahanati Jumatatu, unampa nini?"

Nilisimama. Nikamwambia, "Shikamoo, Mzee. Namsikiliza kwanza. Nikiona analazimishwa, nafuata njia ya kumlinda. Nikiona anaweza kungoja, namwambia angoje, na ninamwambia kwa moyo wangu wote. Akiamua vingine, kazi niliyoapa inanidai nimhudumie, na ninamhudumia. Kisha ninaenda na jambo hilo mbele ya Mungu. Sijui kulimaliza. Nisingependa kuwadanganya kwamba nimelimaliza."

Nilisikia mahindi ya Paroko yakipigwa na upepo nyuma ya kanisa. Nikafikiri wataniondoa, na nikagundua kwamba ninalitaka darasa lile. Nilikuwa sijajua bado.

Ndipo Mama akainuka.

Baba, mke wako hajawahi kusema kwenye kikao. Kwenye vikao vyako vyote alikuwa anapika chai. Aliinuka na mtandio wake mweusi wa msiba, akashika bega langu kwa sababu ya magoti, akasema, "Msimamizi wa Restituta kwenye Kipaimara ni mimi. Nimeshamwambia." Kisha akaongeza kwamba Adela alipoletwa kwetu yeye alilia kwa hofu, akingoja ng'ombe wafe na watoto waugue, na kwamba hakuna aliyekufa. "Aliyekuja ni mtoto tu," alisema. Akakaa.

Restituta mwenyewe alikuwa amesimama pembeni na mtoto wake. Paroko akamuuliza kama ana la kusema. Aliwaamkia wazee kwanza. Kisha akasema, "Sitaki mnitumie kutisha watu. Sitaki pia mseme nimefanya vizuri. Natamani ningalingoja. Hakuna aliyewahi kuniambia naweza kumwambia mtu hapana na bado akanipenda. Sasa nimeambiwa, naomba niendelee kufundishwa."

Paroko aliamua siku hiyohiyo. Restituta aendelee. Mimi niendelee, ila Mzee Bura akae darasani kila Jumamosi asikilize kila ninachosema. Sikufurahia. Nadhani na yeye hakufurahia.

Amekuwa akija, Baba. Anakaa mwisho kabisa, amejifunika blanketi, anakohoa nikifika kwenye michoro. Nikitoka nje ananisubiri, ananiambia hapa umekwenda mbali, hapa umesema vema. Mara nyingine namkubalia, mara nyingine hapana. Nimeanza kuandaa masomo yangu nikifikiria atakachosema, na masomo yamekuwa bora zaidi, ingawa mbele yake sijalikiri.

Jumamosi moja nilikuwa naeleza kuhusu msichana kujitunza, na wavulana kule nyuma wakaanza kunong'ona kama kawaida. Mzee Bura akasimama. Nikafikiri amechoka na mimi. Alitembea mpaka mbele, akawatazama wavulana muda mrefu.

"Ninyi mnadhani somo hili ni la hawa?" akawauliza, akiwaonyesha wasichana. "Mtoto wa Restituta alijiumba? Tumekaa kikao kizima, wazee na akina mama, tumemjadili binti huyu mbele yake. Jina la mvulana halikutajwa hata mara moja. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti." Kisha akasema, "Usafi wa moyo ni wenu pia. Na kubeba mzigo ni kazi yenu pia." Akarudi kukaa. Mimi nikajifanya nafuta ubao.

Wiki iliyofuata alikwenda kigango cha jirani kwa miguu, kwa wazazi wa kijana yule. Sijui walizungumza nini. Najua kwamba walikuja baadaye kwa baba yake Restituta na kumkubali mtoto, na kijana ameitwa kutoka Babati. Wazee walitaka ndoa ifungwe palepale. Restituta akasema atafikiria akishamaliza shule. Ameshaandikishwa kurudi kidato cha tatu, na mtoto atakuwa anashinda kwetu. Mama ameshafua zile shuka zangu za utotoni.

Siku ya Kipaimara kulikuwa na ukungu mpaka saa nne. Askofu alichelewa kwa sababu ya barabara. Restituta alisimama kwenye mstari na wenzake, nguo nyeupe kama wao, na Mama nyuma yake amemwekea mkono begani. Askofu alipompaka mafuta sikuona vizuri. Nilikuwa nimembeba mtoto, naye alikuwa amenikamata shingo kwa nguvu. Baba yake Restituta hakuja. Nilimtafuta kwa macho mpaka mwisho wa Misa. Lakini mama yake alikuja, akaimba.

Sitakuambia kwamba mambo yamekwisha. Wale wazazi hawajawarudisha watoto wao, na mmoja tukikutana njiani anavuka upande wa pili. Mwalimu wa Bukoba bado anasema tunapoteza muda, na huja kunywa chai kwetu aniambie hivyo. Mzee Bura bado anaamini vidonge ni makosa, na ananiambia. Nami Jumatatu bado nakaa kwenye chumba changu zahanati, binti anafunga mlango, na ninasikiliza. Siku nyingine ninatoka pale nikiona wewe ulikuwa sahihi. Siku nyingine ninaona nilikuwa sahihi mimi. Ninachokosa ni mtu wa kumwambia ukweli huo jikoni kabla ya kula.

Ninakukumbuka sana, Baba. Watu wananiambia nitazoea. Ninazoea kazi. Sauti yako sijazoea kuikosa.

Lala salama mikononi mwa Bwana uliyemhubiri kwa watoto wa watu wote. Ninakuahidi sitalifuta somo lako ili nilifundishe langu, wala langu sitalificha ili nikupendeze. Na binti yeyote akiniuliza akae au atoke, nitamwambia akae, hata siku ambayo sitakuwa na la kumweleza zaidi ya hilo.

Mwanao,
Emiliana