Namwongezea Emmah Mshahara kwa Siri, na Sasa Mama Anajivunia

Mpendwa Mshauri Nzula, naomba unisaidie kabla mama yangu hajasimama mbele ya watu kusema jambo ambalo yeye analiamini kwa moyo wake wote na ambalo mimi najua si kweli, kwa sababu uongo ulio ndani yake niliuweka mimi. Majina yote humu nimeyabadilisha, langu pia.

Nina miaka ishirini na minane, nimesoma hadi shahada ya pili, sijaolewa, nakaa peke yangu Kileleshwa na nafanya kazi mjini katika shirika dogo linalochunguza mishahara ya watu wa kipato cha chini, na kazi yangu hasa ni kuandika ripoti kuhusu mshahara unaomtosha mtu kuishi, yaani ule unaolipa kodi ya nyumba, chakula, nauli, karo na matibabu bila mtu kukopa kila mwezi, na kila mjadala huu unapozuka bungeni au redioni ofisi yetu huwa na la kusema, na mara nyingi maneno hayo huwa nimeyaandika mimi.

Mama ni mwalimu mstaafu. Anaishi Jamhuri, katika nyumba niliyokulia, na tangu baba afariki anategemea pensheni yake tu, ambayo wakati mwingine inachelewa hadi anaanza kunywa chai bila maziwa na kusema ni daktari aliyemkataza. Tangu nikiwa kidato cha kwanza amekuwa na Emmah, mjane wa makamo kutoka Busia, anayekuja asubuhi kutoka Kangemi, anafua, anapika, anapalilia ile sukuma wiki iliyo nyuma ya nyumba, halafu jioni anarudi kwa binti yake, Ivyne. Mimi humwita Auntie. Yeye humwita mama yangu Mwalimu, kama mtaa mzima unavyomwita.

Tafadhali usidhani mama ni mtu mbaya, kwa maana hilo ndilo linaloniumiza zaidi, hawa wawili wanapendana kweli, mume wa Emmah alipofariki mama alipanda basi hadi Busia akalala chini kwenye mkeka pamoja na wanawake wa ukoo ambao hakuelewa hata lugha yao, na mama alipougua homa ya mapafu ni Emmah aliyemgeuza kitandani na kumlisha uji kama mtoto, na hadi leo saa nne ya asubuhi wanaketi meza moja wanakunywa chai na kugombana ni nani amezidisha sukari. Lakini mshahara anaomlipa, Mshauri, nikiuweka katika ripoti zangu unaangukia katika lile fungu la mwisho ambalo huwa tunalipaka rangi nyekundu.

Zamani Emmah alikuwa akiomba advansi ya mshahara katikati ya mwezi. Mama alikuwa akilalamika, anafungua mkoba, anampa, na mwaka mpya ukifika anamwongezea kidogo. Halafu Ivyne akapata nafasi katika chuo cha ufundi, na Emmah akaanza kuomba mara mbili kwa mwezi, na Jumamosi moja nikiwa pale mama akamwambia, "Emmah, hii pensheni unafikiri inachimbwa hapo nje?" Emmah akacheka, lakini nilimwona alivyoshika ile sufuria aliyokuwa akiisugua, akaisugua mahali pamoja palepale kwa muda mrefu. Wiki hiyo ofisini nilikuwa naandika kuhusu utu wa mfanyakazi. Nilipaswa kuketi na mama tukaongea, na badala yake nilimfuata Emmah nje kwenye kamba ya nguo, nikamwambia kuanzia mwezi huo nitakuwa nikimtumia pesa kwa simu, kiasi cha kutosha, na mama asijue.

"Na nikiulizwa?" akasema.

"Auntie, nani atakuuliza?"

"Haya. Mungu akubariki. Lakini mimi sijapenda hiyo ya kuficha."

Nimekuwa nikituma tangu wakati huo. Nakiri kwamba nilijisikia vizuri, nikawa naandika ripoti zangu bila ile aibu iliyokuwa ikinikaa kifuani, na Emmah akaacha kuomba advansi, na mama akaliona hilo akafurahi. "Unaona Emmah siku hizi?" aliniambia. "Amejua kupanga pesa. Nilikuwa namwambia kila siku, weka kidogo kando, weka kidogo kando." Nikanyamaza. Nilidhani kunyamaza kwangu kunawalinda wote wawili.

Sasa mwezi jana, baada ya ibada, kijana mmoja kutoka ofisi ya wadi alikuja kwenye kikundi cha akina mama kanisani kueleza kwamba kutakuwa na kikao mjini cha kukusanya maoni ya wananchi kuhusu pendekezo la kuwalipa wafanyakazi wa nyumbani mshahara unaotosha kuishi. Mimi nilikuwa nimeketi karibu na mlango, nimeshika bakuli la chapati. Kabla hajamaliza wakaanza kumrukia.

"Kijana, na sisi wastaafu nani atatuongezea?" Mama Kibe akauliza, watu wakacheka.

"Mtu anakula kwako, anaoga na sabuni yako, chaji ya simu ni stima yako," akadakia mwingine. "Hiyo mbona hamuiweki kwa hesabu?"

"Mwambie aje alipe yeye!"

Ndipo mama akasimama, na kama ujuavyo mwalimu akisimama watu hunyamaza. "Mimi sitaki kugombana na serikali," akasema. "Nina Emmah wangu, mnamjua. Simlipi mshahara wa benki. Lakini Emmah amesomesha binti yake chuo, analipa nyumba yake Kangemi, na tangu mwaka juzi hajaniomba advansi hata siku moja. Mtu akifundishwa kupanga, hiyo kidogo inatosha."

Wakapiga makofi. "Mwalimu, wewe ndiye utatuongelea!" wakasema, na hivyo ndivyo mama alivyochaguliwa.

Tangu hapo amekuwa mchangamfu kwa namna ambayo sijamwona tangu astaafu. Ameniomba nimwandikie hotuba. "Wewe ndiye mtu wa ripoti," anasema, "lakini usiniwekee maneno magumu nikajikwaa mbele ya watu." Na amemnunulia Emmah kitambaa cha buluu, akampeleka kwa fundi apimwe gauni, kwa sababu anataka wasimame pamoja, yeye aongee na Emmah aulizwe kama ni kweli. Wakubwa wangu wa ofisini watakuwa katika ukumbi huohuo, wakiwa na ripoti yangu mkononi.

Nilienda kumwona Emmah jikoni, akiambua maganda ya minji. Nikamwambia nimeamua kumwambia mama.

"Wee Wanjugu! Unataka kunimaliza?"

"Auntie, ni mimi nitasema. Kosa ni langu."

"Ukisema wewe, atakayeulizwa ni mimi. Mwalimu ataniuliza, Emmah, tumekunywa chai hapa kila siku, mbona hukuniambia? Nitamjibu nini?" Akaendelea kuambua, kisha akacheka kidogo. "Na gauni nimeshapimwa. Fundi anasema nimenona." Halafu kicheko kikaisha. "Uliniambia hakuna mtu ataniuliza. Sasa nitaulizwa na maikrofoni."

Mshauri, silali vizuri. Nikisema, nitamwaibisha mama kwa jambo pekee linalompa furaha, na huenda Emmah akapoteza kazi na urafiki wa miaka yote hiyo. Nikinyamaza, Emmah atasimama mbele ya umati aseme kwamba mshahara usiomtosha unamtosha, na wafanyakazi wengi wasio na mtu wa kuwatumia chochote watajibiwa kwa mfano wake. Nimejaribu kuianza ile hotuba na kila nikiandika jina la Emmah nashindwa kuendelea. Nifanye nini?

Wanjugu, Kileleshwa

NZULA ANAJIBU

Wanjugu, barua yako niliisoma nikakasirika, nikaisoma tena nikakuonea huruma, kwa hiyo utanisamehe nikikukaripia na kukushika mkono kwa wakati mmoja.

Ivyne yuko chuoni kwa sababu yako. Hilo ni jema na hakuna wa kukunyang'anya. Lakini sasa tazama ulichovunja ukitenda hilo jema. Jikoni kwa mama yako hakuna chama cha wafanyakazi, hakuna katibu wa kupeleka malalamiko. Emmah alikuwa na njia moja tu ya kumwambia mwajiri wake kwamba mshahara hautoshi, nayo ilikuwa ni ile advansi. Aliomba, mama akanung'unika, lakini akasikia, na mwaka mpya akaongeza. Wewe mwenyewe umeandika hivyo. Je, tangu uanze kutuma, mama ameongeza? Hukusema, nami nabahatisha kwamba hajaongeza. Angeongezaje, mama wa watu? Mliamua wewe na simu yako kwamba asisikie tena. Halafu leo unashangaa kwamba anaamini anachokiona.

Na nikuulize jambo, maana umesoma na hutakasirika ukiulizwa. Unaweza kuwaandikia waajiri wa nchi nzima kurasa kwa kurasa. Mwajiri mmoja, aliyekuzaa, ulishindwa kumwambia, "Mama, pesa hii haimtoshi Auntie, tufanyeje?" Ulimwogopa? Au ulipenda kuwa wewe peke yako uliye mwema katika nyumba ile? Usinijibu mimi. Jijibu mwenyewe, kisha usikae hapo sana, kwa maana naona wewe ni mtu wa kujichimba ndani hadi siku inakwisha, na hapa kuna kazi ya kufanya.

Emmah ana haki ya kuogopa. Wewe ukikosana na mama yako, bado una mshahara na una nyumba yako. Yeye akikosana naye, kesho yake anatafuta kazi. Kwa hiyo usimfanyie jambo jingine bila kumwuliza, ulishafanya hilo mara moja. Mfuate Kangemi, kwake, siku ambayo si ya kazi. Mwombe msamaha kwa kumpa mzigo aliokwambia tangu mwanzo kwamba hakuupenda. Mwambie kwamba pesa unayotuma haitakoma kwa sababu ya lolote litakalotokea, na hata akiachishwa kazi utaendelea hadi apate nyingine. Mwahidi hivyo ukimaanisha, na kama huwezi, bado hujawa tayari kusema ukweli. Kisha mwambie siku utakayoongea na mama, asije akashtukizwa. Akikukatalia kabisa, mwulize kama yuko tayari kuyasema yale mbele ya maikrofoni, halafu nyamaza umsikilize. Sidhani kama yuko tayari. Ndiyo maana alikoma kucheka.

Kwa mama nenda Jumapili mchana, Emmah akiwa hayupo, ili asilazimike kusimama pale huku uso wa mama ukibadilika. Usibebe ripoti. Usilitaje pendekezo, wala kikao, wala wafanyakazi wa nchi hii. Sema lako: nilimwongezea Auntie pesa, nikakuficha, nikamlazimisha naye akufiche, na hakuwahi kupenda. Sema wazi kwamba yeye hakukuomba. Hilo la mwisho ndilo litakalomponya Emmah, kwa hiyo usilimeze.

Akishatulia, na huenda isiwe siku hiyo, mwambie mnataka kumlipa Emmah pamoja. Pensheni ya mama ifike inapofika, na wewe ujazie, lakini uwe mshahara mmoja, unaotolewa siku moja, mbele ya wote watatu, na Emmah ajue ni kiasi gani na asijione anasaidiwa na mtu. Na mkae chini mumwulize yeye kinachomtosha. Mmezungumza juu yake kanisani na ofisini, na katika barua nzima sijaona mahali hata pamoja alipoulizwa.

Hotuba usiiandike. Mwachie mama yako aamue kama bado anataka kusimama. Mimi ningependa asimame. Kikao kile kitajaa watu wa kusema walipwe na watu wa kusema hatuna, na hakuna atakayesema, nampenda huyu Emmah wangu, nilidhani namtosheleza, na pensheni yangu hainiruhusu kumlipa anavyostahili, sasa nyinyi mlioketi hapo mbele mtatusaidiaje sisi wawili? Mwalimu anaweza kulisema hilo bila maneno yako. Lakini ni lake. Akiamua kukaa nyumbani, mwache akae. Emmah naye aende kama anataka, na akienda aseme alicho nacho yeye, si cha mama wala chako. Gauni alivae hata kama kikao hakipo, amepimiwa yeye.

Mama yako atakasirika. Atasema umemfanya mjinga mbele ya Mama Kibe na kanisa zima, na atakuwa na haki, na itakuuma. Usijitetee kwa uchumi. Usichukue mkoba wako ukaondoka. Mwambie leo unalala hapa, ulale hapo hata kama hatakujibu, na Jumatatu asubuhi Emmah akibisha hodi, usiende wewe. Mwache mama yako aende kumfungulia.