Jezi Haifuliwi Mpaka Tufungwe

Jumapili, 2 Machi

Wifi kaja asubuhi na mabegi mawili makubwa. Amesema nguo za kaka yake zisiendelee kukaa humu ndani, zinaleta unyonge, na wapo watu wa kuzivaa. Nikasema sawa. Suruali, mashati, lile koti la harusi, ovaroli za kazini zenye matundu ya cheche. Nilikunja zote kama ninavyokunja za wateja. Sikusikia kitu.

Akafika kwenye jezi nyuma ya mlango. Ya bluu, namba ya mgongoni imebanduka nusu. Akanyoosha mkono — akaurudisha.

"Hii iache, wifi. Mpaka tufungwe."

Hata yeye! Kaka yake yuko kaburini na sheria bado inafanya kazi.

Sheria ni ya mume wangu mwenyewe. Honi, ndivyo tawi zima la mashabiki walivyomwita, kwa ajili ya koo lake. Jezi haifuliwi mpaka Bluu wafungwe. Wakishinda au wakitoka sare, inatundikwa na jasho lake, bahati isitoke. Wakifungwa, kila mwanatawi aifue yake kabla ya mechi inayofuata, nuksi iondoke na maji. Tangu alipoifua mara ya mwisho Bluu hawajafungwa. Yeye ndiye kaondoka katikati, kwa presha, akiwa kazini, na mashine yake ya kuchomelea bado inawaka.

Mlangoni wifi akaniuliza, unasikiaje sasa? Sisikii, nikamjibu. Akanikumbatia akidhani ni uchungu. Nilimaanisha hivyo hivyo nilivyosema. Msibani sikulia, na watu waliona, na najua wamesema.

Nilipobaki peke yangu nikaweka uso kwenye jezi. Chuma kilichoungua, jasho, ile dawa ya kuchua mgongo. Yupo.

Jumanne, 4 Machi

Kazini. Mimi nafua, Mtani anapiga pasi dirishani. Jina lake halisi halitumiki tena, Honi alishampachika hilo la Mtani likaganda. Ni wa Machungwa, wapinzani wetu, wa kufa na kuzikana. Wiki ya dabi Honi alikuwa akipita hapa kila asubuhi kuelekea karakana, na lazima asimame dirishani. Jumamosi tunakamua machungwa, leteni glasi! Na Mtani humjibu bila kuinua pasi kwamba bluu kazi yake ni kung'arisha nguo za wenzake, kisha inamwagwa mtaroni. Wateja wanacheka. Mimi nawaambia wanipishe nifanye kazi.

Wiki hii dabi nyingine, na dirishani hakuna mtu. Mtani kainamisha kichwa. Redioni wanabishana kuhusu beki wa kushoto wa Bluu, kama goti lake limepona.

Nikamuuliza, mbona hunitanii? Akasema, shemeji, nitaanzia wapi. Akaunguza kola ya mteja.

Mikono yangu inanuka sabuni mpaka kwenye chakula. Honi alikuwa akisema hahitaji kufungua macho kujua nimerudi.

Alhamisi, 6 Machi

Mji umepagawa. Bendera kwenye pikipiki, kwenye madirisha, kwenye mkokoteni wa muuza maji. Mwenye duka la dawa kapaka mlango bluu, jirani yake kaamka kapaka ukuta rangi ya machungwa mpaka kwenye mpaka wa tofali la mwisho. Hawasalimiani hadi Jumapili.

Ngoma alikuja kazini. Ni fundi viatu, ndiye mwenyekiti wa tawi na ndiye mpiga ngoma wao. Alikaa kwenye kapu la nguo chafu, akakunja kofia, akaikunjua. Alitaka jezi ya Honi. Wamemwachia nafasi yake uwanjani, waitandike pale, aione dabi.

Nikasema hapana kabla hajamaliza. Kisha nikasikia nasema nitaileta mwenyewe.

Mimi! Sijawahi kukanyaga uwanjani. Ofsaidi Honi alinieleza mara ngapi, kwa vijiko na vikombe pale mezani, nikawa namwambia nimeelewa ili vijiko virudi sandukuni.

Lakini leo nikisuuza shuka nimepiga hesabu yangu. Wakifungwa Jumamosi, ile jezi inaingia majini. Basi wasifungwe. Sihitaji washinde, sare inatosha.

Jumamosi, 8 Machi

Nimetoka uwanjani. Naandika nikiwa na viatu miguuni.

Watu, watu, watu. Ngoma zilianza kulia tukiwa bado mbali, zinagonga kifuani kabla hazijafika masikioni. Getini tulibanwa mpaka nikainua mfuko juu ya kichwa, wa plastiki, nimeufunga mafundo mawili. Harufu za watu wengine zisiingie. Kina mama wa tawi wakanivuta, shemeji kaja, mke wa Honi kaja, pisheni!

Nafasi yake ni ngazi ya zege kama zingine, ila kaisugua kwa kukaa mpaka inang'aa. Nikakaa. Mfuko mapajani. Walitaka niutandike, nikasema ngoja kwanza.

Upande wa pili walikuja na jeneza. La maboksi, limefunikwa kitambaa cha bluu, vijana sita wamelibeba wanacheza nalo. Ni utani wa kila dabi, Honi mwenyewe aliwahi kubeba la machungwa. Lakini wa kwetu wote waligeuka kuniangalia, na ngoma ikanyamaza. Nilisubiri nione nitakuwaje. Sikusikia kitu. Niliona tu kwamba upande mmoja gundi imeachia.

Mpira ukaanza. Sikuelewa. Niliwatazama watu, wakisimama nasimama. Ngoma anaanzisha wimbo, wanaitikia, na kila ilipofika ile sehemu aliyokuwa akiipokea Honi waliacha pengo. Ngazi nzima kimya, kisha wanaendelea. Kila mara.

Sare. Sare. Sare mpaka karibu na mwisho! Sijui nilianza lini kupiga kelele. Nilimwita refa kipofu. Mama wa pembeni akanishika kiuno nisianguke. Na hapo krosi ikaja, beki wetu wa kushoto, huyo huyo wa goti, akanyoosha mguu kuutoa — akautia kwetu. Wavuni. Mwenyewe!

Upande wa pili ulilipuka. Wetu ulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia mtu akimeza mate. Ngoma akalaza ngoma chini, taratibu. Kisha macho yakaanza kuja kwenye mfuko wangu. Waliangalia tu.

Jumapili, 9 Machi

Nimechota maji. Nimeweka beseni uani. Nimeweka sabuni.

Maji hayo nimedekia nyumba.

Jumatatu, 10 Machi

Jezi za bluu! Kapu limejaa, la pili limejaa, zingine sakafuni. Wasio na muda wa kufua wameleta wote, kinyozi, dereva wa gari la taka, mwalimu wa hesabu kaleta yake na ya mwanawe. Wanaziweka kaunta kwa aibu, kama wameleta matandiko ya kikojozi.

Nilifua tangu asubuhi. Maji yalikuwa ya bluu mtaroni, na Mtani aliyaona, na najua neno lilimfika ulimini. Akalimeza. Alinyoosha jezi za maadui zake moja moja, mikono, kola, bila hata kutabasamu. Katika siku ambayo ilimpasa apande juu ya meza!

Nilinusa moja kabla sijaitia majini. Nikanusa nyingine. Jasho la watu tu.

Mchana Ngoma akaleta ya kwake. Akasimama, akaniuliza kwa upole sana kama ya Honi tayari, maana Jumatano tunacheza tena. Akanikumbusha mambo ninayoyajua. Honi ndiye aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba baada ya kipigo kukagua kamba za nguo. Kinyozi aliwahi kuficha yake chini ya godoro, Honi akaitoa, akamfulisha bombani mbele ya tawi zima, watu wakacheka mpaka wakakaa chini.

"Sikulazimishi, shemeji," akasema. "Ila angekuwepo, angekudai mwenyewe."

Ni kweli, angenidai. Na angecheka.

Jioni wifi kapiga simu, maneno hayo hayo. Nimewaambia wote nitaifua.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda nayo kazini. Nyumbani nisingeweza. Kazini mikono inafua yenyewe, niliona ni bora ipitie humo humo na za watu, nisiijue.

Nikafungua mashine ile isiyovuja. Nikatoa mfuko, nikafungua fundo la kwanza. Mtani akaweka pasi pembeni.

"Shemeji. Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

Kisha akajikohoza, akavimbisha kifua, na sauti iliyotoka ni ile ya dirishani, ambayo sijaisikia tangu msiba.

"Nakuomba kama mtani wako, usiifue."

"Kwa nini?"

"Kwa nini? Nataka mfungwe! Mfungwe kesho, mfungwe wiki ijayo, mfungwe mpaka mshuke daraja mkacheze na timu za wauza mitumba. Nuksi nimeipata hii hapa bure, halafu wewe unataka kuimwaga mtaroni? Shemeji, una roho mbaya! Itundike nyuma ya mlango. Ikae. Ioze. Mimi nitakuletea hata msumari."

Nikacheka. Sauti ilitoka ya ajabu, imekwama, kama ile mashine mbovu inapoanza kuzunguka. Mtani naye akashtuka. Hakuacha. Akaniambia wanatawi wote wa Bluu mwaka huu wamefulia kweli kweli, na mwenyekiti wao ashone viatu vya kukimbilia. Nikamwambia machungwa yakiiva sana yanaanguka yenyewe. Tukaendelea hivyo, mimi na yeye, mpaka mteja mmoja akatuangalia kama tumelewa.

Ndipo Ngoma akaingia. Kaja kukagua, kama Honi alivyokuwa akifanya. Nilikuwa nimeshika mfuko nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeiba sukari.

"Ipo majini," Mtani akasema, akaonyesha mashine inayozunguka.

Ngoma akaisogelea. Akaweka kiganja juu ya mfuniko, akainamisha kichwa, akakaa hivyo kitambo, mashine inamtikisa mkono hadi begani. Kisha akajifuta uso kwa kofia, akasema asante, shemeji, akaenda.

Ndani mlikuwa na shuka za gesti.

Nimemdanganya mtu mwema. Hili nimelisikia. Si sana, ila nimelisikia.

Jumatano, 12 Machi

Naandika kwenye meza ya kukunjia. Mlango tumeurudisha nusu, wateja hakuna, wote wako kwenye redio zao. Mechi inaendelea. Mfuko uko hapa mbele yangu.

Mtani kaniambia asubuhi tufanye hesabu vizuri. Bluu wakifungwa leo, yeye kafurahi, ila Ngoma atauliza nuksi imetoka wapi, na mimi nitashindwa kumtazama. Wakishinda, basi jezi imeshinda bila kufuliwa, na sheria ya Honi iko palepale: haifuliwi mpaka wafungwe tena. Anasema yeye anaomba wafungwe. Lakini tangu mpira uanze hajapiga pasi hata leso moja.

Wametufunga. Mapema hivi! Mtani kasema "aah!" kwa sauti, kisha akasema alimaanisha "aha".

Mapumziko. Nimefungua mafundo. Nilitaka kumvuta kidogo tu, anipe moyo.

Sabuni.

Nimegeuza upande wa ndani. Kwapani. Kwenye kola. Sabuni. Ile ile ya hapa, ya unga, ya bei ya jumla. Nikaitazama mikono yangu. Kila jioni naishika, naikumbatia, naipapasa kwa mikono hii. Hakuna aliyeifua. Ni mimi, kidogo kidogo, kila siku.

Au ni pua? Nimenawa mikono kwa maji matupu, nikarudi. Bado. Labda sabuni iko kwenye pua yangu. Labda yeye yupo chini yake na mimi ndiye nisiyesikia.

Kipindi cha pili. Tumerudisha! Moja moja! Mtaani wanapiga masufuria. Sikushangilia, nilikuwa nimeishika kwa ncha za vidole.

Nimemwita Mtani. Nikamwambia, wewe mikono yako ni ya mvuke, pua yako haijaharibika. Nusa. Niambie unasikia nini, na usinitanie.

Ameinama. Amefumba macho. Kavuta pumzi ndefu, akaishikilia.

"Bado ananuka, shemeji," akasema. "Chuma na dawa ya mgongo. Kama kawaida yake."

Ni sauti ile ile aliyotumia kumwambia Ngoma kwamba ipo majini.

Redio inapiga kelele — penalti! Penalti, ya kwetu, dakika zimekwisha! Beki wa kushoto ndiye kauchukua mpira, yule yule, wenzake wanamnyang'anya, hataki kuutoa. Siandiki vizuri. Mtani kashika mkono mmoja wa jezi, mimi nimeshika mwingine.

Nusa tena, nimemwambia.

Ameinama tena. Beki anaweka mpira chini.