Bolti ya Chini

Jumatatu, 6 Mei
Injini ya boti haitemi maji. Inapata moto kama jiko, inazima. Mwanangu anasema njia ya maji imeziba kwa chumvi, lazima afungue kifuniko. Haya, fungua! Bolti zote nne zimeganda. Akachomeka bomba kwenye spana, akaning'inia kama popo. Ka! Kichwa cha bolti hicho mchangani. Mtu mzima, ndevu zote zile! Nilimwambia. Kanuna.

Jumanne, 7 Mei
Mkunga kampapasa mkwe wangu tumbo. Mtoto amekaa vibaya, kajilaza kwa kukingama. Anasema asizalie hapa kisiwani, avushwe hospitali, la sivyo tusije kumlaumu yeye mkunga. Boti ya jirani imekwenda na mizigo, hairudi wiki hii. Tumebaki na hii yetu. Mwanangu kusikia hivyo, kabeba nyundo kubwa! Nikamnyang'anya. Chuma hakitishiki, we bwana. Ukipasua kifuniko utamvusha mkeo mgongoni?

Jumatano, 8 Mei
Kazi nimeishika mwenyewe, kama alivyofanya marehemu mume wangu. Mafuta, halafu subira. Unagonga kichwa cha bolti polepole, kama unabisha hodi ukweni. Kisha — hapa ndipo wenye mabavu wanaposhindwa — unakaza kwanza, kidogo tu, ndipo unalegeza. Ikigoma, unarudi. Mwanangu akacheka: Mama, tunafungua, wewe unakaza, uzee huo! Nikamwambia uzee ndio utakaokufungulia. Moja imetoka ikilia kama mlango mbovu. Jioni nyingine. Mwanangu kaniletea chai bila kuagizwa — huyo!
Imebaki ya chini, iliyojaa kutu.

Alhamisi, 9 Mei
Uchungu umeanza. Mapema hivi! Mkunga yuko naye chumbani. Anasema nafasi bado ipo, lakini tusizubae.
Bolti ya chini ilizunguka kidogo, halafu ikawa laini mkononi. Laini kama unga uliokandwa. Mwanangu akashangilia: imelegea, Mama, vuta! Haijalegea. Inajinyonga, inataka kukatika. Ikikatika na hii, kifuniko hakitashika tena, maji yatamwagikia hapo hapo, injini itaungua katikati ya maji na mgonjwa ndani. Nimeirudisha. Tangi la petroli tumeliweka mbali, nimepasha chuma jikoni, nimekigandamiza ubavuni mwake, nimedondosha mafuta. Sasa yaingie.
Mwanangu kapiga magoti. Mama, nipe spana, nakuomba. Bado, namwambia. Nimeikalia. Naandika ili mikono yangu nayo itulie, maana inawasha. Ndani mkwe wangu anapiga kelele — ananiita mimi, si mumewe.
Mwanangu anasema wakifa hao, Mama, ni juu yako.
Najua, mjinga wewe! Unadhani sijui?
Tone moja limezama kwenye kutu. Moja tu. La pili limesimama pale juu, linang'aa, halitaki kushuka.