Bi Thibitisha Amerudi

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wangu wote, na kabla sijakaa sawasawa kwenye kiti naomba nijue hali yako. Kile kikohozi kilichokuwa kikikukatiza maneno kwenye simu kimekuachia? Shemeji hajambo? Na wanangu je, hasa yule anayeng'oka meno ya mbele? Sisi huku tu wazima. Mama anasumbuliwa na magoti asubuhi, lakini ulimi wake hauna ugonjwa. Juzi amemweleza jirani kwamba binti yake mkubwa ameajiriwa kwenye bima kukadiria watu watakufa lini, na jirani akaomba upigiwe simu umwache yeye kwanza.

Najua utajiuliza barua ya nini wakati simu ipo. Simu nimeijaribu, na kila mara nimeishia kukuuliza kama mvua imenyesha. Kuna jambo mdomo wangu unalikwepa, nikaona afadhali nilikabidhi kwa kalamu. Nivumilie, nitalifikia.

Kama unavyojua, masomo ya darasani nimemaliza na sasa niko kwenye mafunzo ya vitendo, katika ofisi ya ustawi wa jamii iliyo nyuma ya kituo cha mabasi. Chumba chetu ni kidogo, mteja akija na ndugu zake sisi wanafunzi tunawapisha viti tukaegemea ukuta. Uliponitania kwamba nimeacha hesabu nikaenda kusomea umbea, hukukosea sana. Kutwa nasikiliza mambo ya nyumba za watu. Ila mmbea akitoka na habari hufurahi, mimi nikitoka nazo chakula hakishuki.

Msimamizi wangu ni mama mrefu, mpole wa sauti na mkali wa macho, ambaye kazi hii ameifanya tangu mimi sijazaliwa. Ndiye aliyenipeleka kwenye nyumba nitakayokusimulia. Alinieleza njiani kwamba tunamwendea mwalimu mstaafu mwenye ugonjwa wa kusahau, anayeishi na binti yake wa pekee. Binti ni mfamasia, na hospitali anakofanya kazi walikuwa wamechoka na ruhusa zake. Mzee alikuwa ameanza kutoka nje peke yake. Siku moja walimkuta barabarani amevaa koti na kandambili, anawauliza wapita njia ukumbi wa mihadhara uko upande gani. Kazi yetu ilikuwa kutafuta namna binti abaki na ajira yake na baba abaki salama.

Wanakaa ghorofa ya tatu, kwenye jengo ambalo mlango wake wa chini umevimba kwa unyevu mpaka uusukume kwa bega. Sebuleni kulikuwa na kabati kubwa, na milango yake yote imejaa chaki. Nilizitambua zile alama, Dada, kwa sababu ndizo zilizokuwa zimejaa karatasi zako chini ya kitanda tulicholala wote. Mzee alikuwa ameanza uthibitisho, akafika katikati, akapotea, akaanza tena chini yake, akapotea palepale. Binti yake alituambia kwamba zamani alikuwa akifuta, siku hizi hafuti tena, kwa sababu akifuta mzee hulia. Kisha akasema, kwa fahari kidogo, kwamba baba yake alifundisha uchambuzi wa hisabati na nadharia ya uwezekano chuo kikuu, na kwamba wanafunzi walimbandika jina la Kikomo.

Jina hilo nililijua kwako, Dada, ndilo la mwalimu wako wa chuo. Nilimtazama yule mzee mwenye shati lililofungwa vifungo upandeupande, na niliyemwona ni wewe. Nilikuona umerudi nyumbani mchana kweupe na sanduku lako, umelala umegeukia ukuta. Nilimwona marehemu Baba amevaa koti lake tayari kwenda chuoni, na wewe umemshika mkono ukimwambia aketi. Nilikuwa mdogo, lakini maneno ambayo Kikomo alikuambia mbele ya jopo la nidhamu niliyashika kama wimbo: kwamba uwezekano wa msichana kama wewe kuupata uthibitisho ule peke yake ni mdogo mno kuliko uwezekano wa kuunakili kwa mwenzako. Mtu aliyekufundisha uwezekano aliutumia kukukata miguu.

Tuliporudi ofisini nilimwambia msimamizi kila kitu, maana ndiyo sheria ya kazi. Akaniuliza kama ningependa mwanafunzi mwingine apewe nyumba ile. Nikasema hapana, naweza. Nilimwambia nataka kujifunza. Ukweli nilitaka kumtazama alivyoanguka. Nilitaka kurudi niangalie zile hesabu zisizomalizika, kisha nikupigie simu nikuambie Mungu hamfichi mtu.

Basi nikawa nakwenda. Tulimpatia mzee nafasi kwenye kituo cha mchana cha wazee, tukamwomba jirani wa chini awe anashinda naye siku ambazo binti ana zamu. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa naye na kuangalia anachoweza na asichoweza. Kuvaa viatu anaweza. Kuwasha jiko asiachiwe. Jina la binti yake hana. Yule binti humlisha, humwogesha, humkata kucha, na mzee humwita nesi na kumshukuru kwa adabu kama mgeni. Nilimwona akigeuka kuelekea dirishani kila anaposhukuriwa. Siku zikapita nikagundua sikupigii ile simu niliyokusudia.

Msimamizi alikuwa amenifundisha kwamba mtu wa namna ile habishiwi, wala hadanganywi. Akikuita mtu mwingine, usijifanye huyo mtu, na usimgombeze. Jibu uchungu wake, uache kosa lake. Useme tu, naona jambo hili linakuumiza. Sentensi hiyo niliijua kwa moyo.

Alasiri moja nilifika nimesuka nywele zile ulizokuwa ukisuka wewe chuoni. Sikukusudia chochote, Dada, msusi alikuwa na haraka na huo ndio mtindo wa haraka. Mzee alikuwa amesimama kwenye kabati na chaki mkononi. Akageuka akanitazama kwa muda, akaiweka chaki chini taratibu, akajifuta vidole kwenye suruali.

"Bi Thibitisha," akasema. "Umerudi."

Unakumbuka uliponisimulia kwamba hilo ndilo jina alilokupa darasani, kwa vile kila alichosema ulimtaka akithibitishe. Nilisimama pale mlangoni, mkoba bado begani. Akanivutia kiti. Akaanza kuniambia mambo kwa mpangilio ambao sikuwahi kuusikia kwake, kama mtu aliyepewa muda mfupi na anajua utakwisha. Alisema muhula uliofuata alimwita ubaoni yule kijana aliyedai umenakili kwake, aeleze mstari mmoja tu wa uthibitisho ule, na kijana hakuweza. Hapo akajua. Alitaka kukuandikia, lakini kuandika kungemlazimu asimame mbele ya jopo lilelile akaseme amekosea, na aliona haya. Akaahirisha, na aibu ikizidi kukaa huzidi kuwa nzito, akaahirisha tena mpaka hakujua umehamia wapi.

"Nilisema uwezekano wako ni mdogo," akaniambia. "Mdogo si sifuri. Nililifundisha hilo kila mwaka, nikalisahau siku nilipolihitaji."

Akaninyooshea mikono yote miwili. Akaniuliza kama atakwenda kaburini hivihivi, bila kusamehewa.

Dada, sasa nimefika kwenye lile jambo. Sentensi niliyofundishwa ilikuwa mdomoni, sikuitoa. Sikumwambia mimi si wewe. Nilimshika mkono, mkono uliojaa chaki, nikasema, "Nimekusamehe, Mwalimu."

Alifumba macho. Alikaa hivyo mpaka nikadhani amelala, kisha akauliza kama nesi ataleta chai.

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na sinia, amesikia yote. Jikoni aliniuliza Bi Thibitisha ni nani. Alisema jina hilo amelisikia miaka na miaka, na kwamba siku zote alidhani ni mwanamke wa siri wa baba yake, akamwonea uchungu marehemu mama yake. Nikamweleza wewe ni nani na ulitendewa nini. Aliketi kwenye ndoo iliyofunikwa akalia bila sauti, na nilipojaribu kumbembeleza alisema jambo moja tu. "Dada yako amemkumbuka, mimi ananiita nesi."

Asubuhi nilikwenda kwa msimamizi nikajisema mwenyewe. Akavua miwani. Hakunifokea. Alisema kosa la kazi litaandikwa kama kosa la kazi, na nimelikubali. Kisha akasema mzee ametulizwa, na yeye hamlilii mzee. Akaniuliza nimepata wapi haki ya kutoa kitu ambacho si changu, na mwenye kitu je, amejua?

Mzee hakurudi tena kwenye kabati lake. Baridi ilimwingia kifuani, akalazwa, na Jumanne iliyopita akafariki binti yake akiwa kando. Nilikwenda mazikoni nikasimama nyuma. Binti yake ndiye aliyeniomba nikuandikie, kwa hiyo ujue sijatoa siri ya nyumba bila idhini. Anasema kama utataka kumwuliza lolote yuko tayari, na kama hutaki ataelewa.

Hasira niliyoingia nayo nyumba ile ilikuwa ya kuazima, na wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Ilinivuka nilipoona ile mikono. Lakini yako ni yako, uliisuka mwenyewe. Hukuwahi kuniambia umesamehe, wala mimi sikukuuliza. Huenda ulikuwa unaingojea siku ya kumwambia hapana usoni, nami nimekunyang'anya, na siku hiyo haiwezi kuja tena. Sikuombi useme nilifanya vema. Usiku huo nililala vizuri, na hilo ndilo linalonitisha. Kama hukuwa tayari, usihangaike kumkasirikia marehemu. Nikasirikie mimi. Mimi niko hai, nasikia, na nitapokea simu saa yoyote.

Mama anakusalimu sana. Sijamwambia lolote kati ya haya. Anauliza likizo utakuja na watoto au utawaacha tena kwa bibi yao wa huko, maana amewanunulia malapa na anahofu miguu itayapita. Nisalimie Shemeji, nikumbatie wanangu, na wewe kikohozi hicho kapimwe, usikifanyie hesabu.

Wako anayekupenda na anayekungoja,
mdogo wako, kitinda mimba wa Mama.