Goti Langu na Somo la Takwimu la Shelby

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na usidhani neno hilo limetoka kinywani kirahisi, maana mimi Orpha Stidham sijamwomba mtu kitu tangu mume wangu afie mgodini, na jina langu lichapishe lote, sina cha kujificha. Shule niliacha darasa la saba nikalee wadogo zangu, kwa hiyo ukikuta nukta haipo mahali pake iweke wewe, ndiyo kazi unayolipwa.

Nina mjukuu, Shelby, ana miaka ishirini, nimemlea mwenyewe tangu mama yake aniachie mtoto na mfuko wa nepi akaenda zake Ohio, na huyu mtoto amemaliza miaka miwili kwenye chuo cha jamii hapa kaunti kwetu, asubuhi darasani, jioni dukani anapanga makopo, na mwezi wa nne chuo kikuu cha jimbo kikamwandikia kwamba kimemkubali, aingie moja kwa moja mwaka wa tatu asomee ualimu. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kupanda ngazi za chuo kikuu hata kwa kufagia. Nilipiga kelele mpaka mbwa akaingia chini ya nyumba. Mchungaji akaitangaza barua kanisani, kina mama wakaanza kumshonea blanketi la viraka, na mimi nikabandika nakala kwenye dirisha la saluni, na atakayesema nilijivuna, ndiyo, nilijivuna, kwani nimeiba?

Sasa sikia. Tangu darasa la kwanza matokeo yake nayabandika kwenye mlango wa friji, na muhula huu ulipoisha nikaomba karatasi, nikaambiwa mara printa haina wino, mara kesho, hadi Jumamosi iliyopita nikaikuta mwenyewe chini ya kiti cha pikapu yake nilipokuwa natafuta miwani. Masomo yote yana alama nzuri, ila mbele ya somo la takwimu hakuna alama, kuna herufi moja tu ya W imekaa kama kunguru juu ya waya. Nikamwita jikoni.

"Hii ni nini?"

"Nilijiondoa, Bibi."

"Lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Mwezi wa tatu uliniambia profesa anaumwa!"

"Ningekwambia ukweli ungekubali nikupeleke?"

"Ningekuchapa na fimbo yangu ya kutembelea!"

"Basi ndiyo maana sikukwambia."

Maana mwezi wa pili walinibadilisha goti la kulia, na mtu mwenye goti la hivyo haruhusiwi kukanyaga breki, na mazoezi yalikuwa mji wa pili, maili arobaini, kila Jumanne na Alhamisi saa nne asubuhi, na darasa la takwimu kumbe ni Jumanne na Alhamisi saa nne asubuhi. Mtoto akachagua goti. Na barua ya chuo kikuu, nimeisoma mara tatu kwa kidole, inasema wamemkubali kwa sharti amalize masomo yote aliyoyaorodhesha, na likibadilika lolote awaarifu. Hajawaarifu. Anasema, "Bibi, wana wanafunzi elfu ishirini, nani ataangalia herufi moja?" halafu dakika kumi baadaye anasema labda abaki tu dukani, wamemwahidi umeneja, na hilo ndilo lililonikata maini.

Kuna somo hilohilo kiangazi hiki, linaanza tarehe tisa mwezi wa sita, wiki sita, lakini goti la kushoto nalo linabadilishwa tarehe mbili, na mazoezi ni siku zilezile, na Shelby ameshaapa kwamba hatanipeleka mtu mwingine.

Na ukweli wote niuseme maana nimekula kiapo moyoni. Mtu wa kunipeleka alikuwepo. Noreen Prater, jirani yangu, gari lake linakaa tu uani kama bata anayelalia mayai, na alikuja mlangoni mwezi wa pili akasema, "Orpha, nitakupeleka mimi, mwache mtoto asome." Nikamjibu nitatambaa kwanza. Kwa sababu miaka mitatu iliyopita, jikoni kanisani, alisema mbele ya watu kwamba Shelby ataishia kama mama yake tu, na gari la mtu mwenye mdomo kama huo, ambaye pia anatia sukari kwenye mkate wa mahindi, jambo ambalo kwetu ni dhambi, mimi sipandi.

Sasa niambie, ninyamaze tuombe Mungu wasione? Niahirishe goti? Au niende huko chuo kikuu na fimbo yangu niwaambie kosa ni langu? Usinijibu kwa maneno marefu.

Orpha Stidham

JIBU

Mama Orpha, pole kwa goti, na hongera kwa mjukuu. Pole imeishia hapo.

Kabla ya kuandika ukurasa huu nilikaa miaka kumi na tisa kwenye dirisha la usajili la chuo cha jamii, na habari ya "nani ataangalia" niliisikia kila kiangazi. Wataangalia. Chuo chake kitatuma matokeo ya mwisho moja kwa moja, mtu atayaweka kando ya orodha aliyoiandika mwenyewe, na somo lisilokuwepo litaonekana. Nimewaona vijana wakifutiwa nafasi mwezi wa nane, magodoro yao yameshafungwa kwenye gari. Wengi hawakuponzwa na somo walilojiondoa. Waliponzwa na kunyamaza.

Wewe usiende na fimbo. Hawatazungumza nawe hata ukipiga meza, sheria inawataka wazungumze na mwanafunzi mwenyewe. Shelby akae leo, si Jumatatu, aandikie ofisi ya udahili: jina, namba yake, kwamba alijiondoa kwenye takwimu mwezi wa tatu ili amuuguze mlezi wake, na kwamba ameshajiandikisha kulisoma kiangazi hiki na litaisha kabla muhula wao haujaanza. Aulize kama watalikubali. Aambatanishe barua ya daktari wako. Na ajiandikishe kwanza ndipo aandike, maana "nimejiandikisha" ina miguu, "nitajiandikisha" haina. Kisha amwone mshauri wa uhamisho pale chuoni kwake, ahakikishe ni takwimu ileile chuo kikuu wanayoitaka.

Siwezi kukuahidi watasema ndiyo. Ninaloweza kukwambia ni kwamba wanaoandika mapema, kwa ukweli, na mpango mkononi, nimeona wengi wao wakikubaliwa. Wakikataa, aombe kuingia mwezi wa kwanza. Nafasi inayochelewa miezi minne bado ni nafasi. Umeneja wa makopo hautakimbia popote.

Goti usiahirishe. Ukiahirisha, yule mtoto atajua umeteseka kwa ajili yake, naye atalipa kwa kujiondoa kwenye kitu kingine. Mmefundishana hivyo ninyi wawili: kila mmoja anajikata kimya kimya, halafu mwenzake anaikuta damu chini ya kiti cha gari. Acheni.

Sasa Noreen. Alilolisema jikoni kanisani lilikuwa neno baya, tena juu ya mtoto asiyekuwepo kujitetea. Haki ya kukasirika unayo. Lakini Mama Orpha, hasira yako imelipiwa na Shelby, kwa somo zima. Na mwanamke aliyekuja mlangoni kwako akasema "mwache mtoto asome" hakuja kuuza sura. Mimi nadhani alikuja kuomba msamaha, akakosa maneno, akaleta gari. Watu wa milimani kwetu huomba msamaha hivyo, kwa gari, kwa kuni, kwa sahani iliyofunikwa kitambaa. Wewe mwenyewe umewahi kuomba kwa mdomo lini?

Nenda kwake. Usitoe hotuba. Mwambie: "Noreen, Jumanne na Alhamisi, kuanzia tarehe tisa, saa tatu uwe mlangoni kwangu." Akitaka kulizungumza la kanisani, mpe nafasi alizungumze. Asipotaka, tazameni barabara. Ukishafika nyumbani mwambie Shelby kwamba mtu wa kukupeleka amepatikana, na kwamba wewe ndiye uliyemwomba, kwa hiari yako. Hilo la pili litamshangaza kuliko la kwanza, na ndilo litakalomrudisha darasani.

Umesema huombi watu. Umeniomba mimi, nisiyekujua, mbele ya kaunti nzima. Noreen yuko hatua arobaini tu, tena goti la kulia limeshapona.