Nywele za Bi Mwahija

Kilwa Kivinje, Shawali 1323

Kwa dada yangu mpenzi Somoe binti Bakari, Lindi.

Shikamoo dada. Naomba Mungu miguu yako iwe imepungua uvimbe na unasali umesimama. Mimi ni mzima wa mwili. Majirani wamekimbilia porini tangu vita hivi vya maji vianze, nimebaki na paka. Siku nyingine sauti yangu naisikia nikisoma Kurani tu.

Barua yako nimeipata. Unasema mwanao Yahya naye anataka kwenda kupigana na Wajerumani, na unaomba nimpe nywele za Bi Mwahija kama nilizompa marehemu kaka yake Huseni. Unasema Huseni alipigwa risasi kwa kuwa aliivua hirizi yake ya nywele hizo alipokwenda kuoga mtoni.

Dada, unajua Bi Mwahija ndiye aliyenisomesha, na alipofariki nilimwosha peke yangu. Mwosha maiti hasemi alichokiona, nami nilinyamaza. Kisha Fakihi mshairi, ambaye hakuwahi kukaa mbele yake hata siku moja, akamtungia utenzi. Beti nzima nzima za shingo, kifua, na nywele za kufika kiunoni zinazonukia miski. Kwamba alihifadhi Kurani yote na kuwafundisha mabinti miaka thelathini, hakuna hata ubeti mmoja. Nilikasirika sana. Wiki haikupita watu wakaanza kuja kwangu mimi mwosha wake, kuomba hizo nywele wafanyie hirizi.

Leo navunja kiapo cha waosha. Homa ilikuwa imezimaliza nywele zake zote. Nilikiosha kichwa kitupu. Ningewaambia watu hana, ningemfichua. Basi niliingia nyuma ya pazia nikakata zangu. Wala sikufichi, nilifurahi. Ukumbi ulijaa watu, wanawake wakanibusu mkono, nikaendelea kukata. Huseni alipokuja, nilimkatia shungi nene kuliko wote, kwa kuwa ni mwanangu.

Nywele zimeota tena, zinafika masikioni. Sizikati. Mzuie Yahya, msomee barua hii yote. Na marehemu usimlaumu kwa kuivua hirizi. Hata angekufa nayo shingoni, alichovaa ni nywele za mama yake mdogo.

Nisalimie shemeji na wote wa nyumbani. Barua anaileta Abdurahmani muuza ufuta, atakaa Lindi siku tatu. Ukiwa na neno kwangu, hata la matusi, mpe aniletee.

Mimi mdogo wako, kama bado wanikubali,
Samia binti Bakari