Aliyepima Miguu ya Watu

Kwa Dada mpendwa,

Shikamoo. Barua hii ikukute wewe, shemeji na wapwa zangu mkiwa na afya, na hilo goti lako linalojua mvua kuliko redio liwe limetulia. Ukitaka kujua yangu, mimi mzima: mifupa yangu yote ipo mahali pake, na hapa kazini kwetu si wote wanaoweza kusema hivyo.

Mama bado anawaambia majirani kwamba nafanya kazi hospitali. Sijamsahihisha, maana jengo ni lile lile, tofauti ni mlango tu. Mlango wangu uko nyuma, na kazi yangu ni kuosha mifupa. Askari huileta katika maboksi. Naisugua kwa mswaki laini na maji matupu, naianika kivulini, kisha naipanga mezani kama mtu aliyelala chali. Hakuna aliyenisomesha, nilijifunza kwa kuchungulia bega la mkubwa wangu, mama mmoja mtaalamu tunayemwita Bi Rula, kwa kuwa hapitwi na kitu bila kukipima. Siku ya kwanza alinitazama sana, nikadhani nimempendeza. Kumbe alikuwa anakadiria urefu wangu.

Sasa sikiliza, Dada, na kama umesimama, kaa. Mwezi uliopita watu waliokuwa wakichimba msingi kule kwenye machimbo ya zamani ya mawe walimkuta mtu. Unakumbuka ukingo ulivyoporomoka msimu ule ule aliopotea Baba. Wachimbaji waliitwa majina, wote wakaitika, watu wakashukuru, na kazi ikahamia upande wa pili. Hakuna aliyefukua, kwa kuwa hakuna aliyekosekana. Fundi viatu aliyefika asubuhi hiyo kupima miguu ya watu, nani angemwita jina?

Bi Rula alianza na nyonga, akasema ni mwanamume. Akatazama ncha za mbavu, akasema alikuwa na miaka arobaini, pengine na zaidi kidogo. Akalaza mfupa wa paja kwenye ubao wa kupimia, akasema si mrefu wala mfupi, na mimi nikamtania kwamba hapo ametaja nusu ya wanaume wa mji huu. Utani ukaniishia tulipofika kwenye muundi wa kushoto. Uliwahi kuvunjika, ukaunga kombo. Wewe ndiwe uliyenisimulia jinsi ulivyomshika Baba mguu wakati mganga wa viungo akimfunga vijiti, naye akimwambia mganga asikaze hivyo, hata kiatu kinaachiwa nafasi ya kupumua.

Kisha meno. Yale mawili ya mbele yana kijipengo cha mviringo katikati yao. Bi Rula akasema huyu alibana kitu menoni kwa miaka mingi, sindano au misumari. Labda fundi cherehani, labda fundi viatu. Nikasema fundi viatu. Akauliza nimejuaje. Nikamjibu kwamba nilikuwa nakaa chini ya meza yake nikisubiri misumari imdondoke.

Unajua maana yake, Dada. Miaka yote hii Mama ameishi na maneno ya watu, kwamba mwanamume asiyeaga ana pengine pa kulala. Hadi leo akiulizwa hujibu kwamba mumewe amekwenda kupima miguu, na wale mashoga zake huinamisha vichwa ili wacheke vizuri. Kumbe hakudanganya hata siku moja. Nilitaka kumpigia simu saa ile ile.

Bi Rula akanizuia. Alisema kijipengo kinaweza kutuambia kazi ya mtu, hakiwezi kutuambia ni baba wa nani. Hilo ni la vinasaba, na vinasaba vinataka mate ya mtoto wake. Nikafungua kinywa pale pale. Akanipitishia kijiti shavuni, nikamwambia asisumbuke kutafuta zaidi, akili haiko huko.

Majibu yamekuja. Alifunga mlango, na yeye hafungi mlango hata kwa upepo. Akaniambia kwamba mtu aliye mezani hakunizaa mimi. Nikasema basi si Baba. Alibaki anautazama ule muundi, nami nikautazama, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba mambo ni mawili, na kwamba moja anajua lakini hataki kulitamka.

Ama huyu ni fundi viatu mwingine, aliyevunjika mguu ule ule. Ama ni Baba, na mimi si wake.

Kila mtu husema nimefanana na Mama mtupu. Nilikuwa naona ni sifa.

Mate yako ndiyo yatakayosema. Yakikubali, Mama atatembea mtaani kichwa juu, kwamba hakuachwa; na siku hiyo hiyo karatasi hiyo hiyo itamuuliza habari zangu. Yakikataa, nabaki mtoto wa mtu aliyetukimbia. Usipokuja, mwisho wa mwezi manispaa itamzika kwa namba. Nimemsihi Bi Rula asubiri. Amesema boksi si lake. Kumuuliza Mama siwezi. Jana alinipigia akauliza kazi inaendaje, nikamweleza habari za mvua.

Nimeandika njoo, nikafuta. Nimeandika usije, nikafuta, mpaka karatasi ikatoboka, ndiyo maana unaona nimehamia ukurasa wa pili.

Asubuhi, kabla Bi Rula hajafika, nilitoa mifupa ya miguu nikaipanga tena, ingawa ilikuwa imepangwa. Nakumbuka Baba alivyonipima kwa uzi, akaufunga fundo kisigino kilipoishia, akasema viatu vitakuwa tayari meno yangu yakiota. Nilikuwa nacheka kwa kutekenywa. Nimeweka mguu wangu kando ya ule wa mezani. Sikuona kitu. Miguu ni miguu.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto, na Mama usimwambie lolote mpaka ujue la kumwambia. Ukilijua, nami uniambie.

Ni mimi mdogo wako, wa tumbo moja,

Kibogoyo